Kumbukumbu ya mradi wangu: kuifuata sukari kutoka pingili hadi punje

Lengo la mradi huu ni kulima miwa katika shamba dogo karibu na Kidatu, mkoani Morogoro, kisha kuikamua na kuichemsha hadi ipatikane sukari yenye punje, si sukari guru peke yake. Katika bonde la Kilombero miwa ndiyo inayobeba uchumi wa vijiji vingi, na mkulima anayeipeleka kiwandani hulipwa kwa kuangalia mambo mawili: uzito uliosomwa mzanini na kiwango cha sukrosi, yaani sukari inayoganda kuwa punje, kilichopimwa maabara. Uzito kila mtu anauelewa. Kiwango cha sukrosi ndicho huzua mabishano kila msimu, kwa kuwa miwa iliyo mitamu mdomoni inaweza kupewa kiwango cha chini, na mwenye shamba akaondoka akiamini ameonewa. Nimeifanya kazi hii ili niifuate sukari hatua kwa hatua na kuona ni wapi inajengeka na ni wapi inapotea. Hapa ninaeleza safari hadi mavuno ya kwanza. Maotea, yaani miwa inayochipua upya kwenye visiki baada ya kukatwa, yameshachipua na yatakuwa na kumbukumbu yake.

Jambo linalotangulia yote ni kwamba utamu na sukrosi si kitu kimoja. Sukrosi ni sukari mbili rahisi, glukosi na fruktosi, zilizoungana. Ikivunjika, hubaki glukosi na fruktosi zikiwa mbalimbali, na maji hayo bado ni matamu, maana fruktosi ina utamu kuushinda hata wa sukrosi yenyewe. Lakini glukosi na fruktosi hazigandi kuwa punje kwa urahisi, na mbaya zaidi huizuia sukrosi iliyobaki isigande. Ulimi hauwezi kuitambua tofauti hiyo. Karibu kila nililolifanya shambani na jikoni lilikuwa na shabaha moja, kuilinda sukrosi isivunjike.

Mbegu na upandaji

Nilichagua aina ya R 570, iliyozalishwa kisiwani Réunion, na mistari michache ya NCo 376 kwa ajili ya kulinganisha. NCo 376 ilitawala mashamba ya bonde hili kwa miaka mingi. Ukoo wake unatoka Coimbatore nchini India, na uteuzi wake ulifanyika Natal, Afrika Kusini, ndiyo maana jina lake lina herufi za sehemu zote mbili. Udhaifu wake unaojulikana ni ugonjwa wa fangasi unaochomoza kwenye kilele cha mmea kama mjeledi mweusi, na kila shina lililoonyesha mjeledi huo nililing'oa pamoja na mizizi yake na kulichoma kabla vumbi lake jeusi halijapeperushwa na upepo.

Mbegu ilikatwa vipande vyenye macho matatu kila kimoja, ikalazwa kwenye mifereji iliyoachana mita 1.5, na ikafunikwa kwa udongo mwepesi. Miwa ya mbegu ilikuwa michanga, ya miezi 8 hadi 10, na hilo lina sababu: muwa mchanga una glukosi nyingi, ambayo jicho huitumia mara moja linapochipua. Kile kinachokuwa adui ndani ya sufuria ni chakula cha mche ndani ya mfereji. Kwa hiyo muwa mzuri wa kukamua na muwa mzuri wa kupanda si muwa mmoja, na ninawasihi wanaopanda masalia ya mavuno yaliyozeeka walizingatie hilo.

Palizi ilifanyika kwa jembe hadi majani yalipofunga mistari, na hapo kazi ikapungua. Yurea, mbolea ya naitrojeni, niliiweka mapema, ikaisha kabla mimea haijafikia nusu ya umri wake. Naitrojeni inayochelewa huufanya muwa uendelee kutoa majani na kurefuka badala ya kuweka akiba, na shamba linaonekana la kijani na la kuvutia huku sukrosi ikiwa haba.

Kusubiri ukomavu

Sukrosi hujaa kuanzia pingili za chini kupanda juu. Kifaa nilichotumia kuifuatilia ni refraktomita ya mkononi, ambayo hupima vitu vyote vilivyoyeyuka katika maji ya muwa na kutoa jibu kwa nyuzi za Brix. Nilipima pingili ya chini na ya juu ya shina lilelile. Wakati wa mvua tofauti ilikuwa kubwa, chini nikisoma karibu 18 na juu hata 12 hazifiki. Ukame na ubaridi wa Juni na Julai ulipoingia, ukuaji ulipungua, majani ya chini yakakauka, na vipimo viwili vikaanza kusogeleana. Muwa huhesabiwa umekomaa pale kipimo cha juu kinapokaribia kulingana na cha chini. Ndiyo maana mashamba yanayomwagiliwa hufungiwa maji wiki kadhaa kabla ya kuvunwa. Kiu ya kiasi huulazimisha mmea kuacha kukua na kuhifadhi sukari.

Kukata na kukamua

Nilikata bila kuchoma moto. Kuchoma hurahisisha kazi ya mkataji na hufukuza nyoka, na siwalaumu wanaochoma, lakini joto huua seli za muwa na kuupasua ganda, na muwa uliochomwa huharibika upesi kuliko mbichi. Panga lilipita usawa wa ardhi, kwa sababu pingili ya chini kabisa ndiyo yenye sukrosi nyingi na pia kwa sababu kisiki kifupi hutoa maotea yenye nguvu. Vilele niliviacha shambani. Vina uzito unaotamanisha mzanini, ila ndani yake sukrosi ni haba, glukosi na wanga ndivyo vingi, na vikiingia kinuni huchafua maji ya miwa mizuri.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni jaribio la kuchelewesha. Fungu moja la miwa nililikamua siku ileile, na fungu jingine nililiacha juani kwa siku kadhaa, kama inavyotokea pale gari la kubebea linapokawia. Refraktomita ilionyesha kwamba fungu lililochelewa lina Brix ya juu zaidi. Anayetazama kifaa hicho peke yake angesema miwa imeongezeka sukari. Kilichotokea ni kwamba maji yalikuwa yamekauka, hivyo vilivyoyeyuka vikawa vizito zaidi, na wakati huohuo vimeng'enya vya mmea pamoja na bakteria walioingia kwenye ncha zilizokatwa walikuwa wakiivunja sukrosi. Uzito ulipungua, sukrosi ikapungua, utamu ukabaki, na kipimo kikapanda.

Maabara za viwanda haziishii kwenye Brix kwa sababu hiyohiyo. Hutumia pia polarimita, kifaa kinachopitisha mwanga ndani ya maji ya miwa yaliyosafishwa. Sukrosi huuzungusha mwanga huo kuelekea kulia, ilhali mchanganyiko wa glukosi na fruktosi uliotokana na sukrosi iliyovunjika huuzungusha kuelekea kushoto. Kadiri miwa inavyolala, ndivyo usomaji wa polarimita unavyoshuka. Ukilinganisha na Brix unapata usafi wa maji ya miwa, yaani sehemu ya vilivyoyeyuka ambayo kweli ni sukrosi. Baada ya kuliona hili kwa macho yangu, naamini mabishano mengi ya msimu yanahusu saa ambazo miwa imekaa kati ya panga na kinu kuliko yanavyohusu aina ya mbegu au juhudi ya mkulima. Saa hizo mara nyingi haziko mikononi mwake, na ni haki zihesabiwe.

Jikoni

Kukamua kulifanyika kwa mashine ya roli tatu, ya aina ileile wanayotumia wauza juisi ya miwa mjini. Katika kila kilo 100 za miwa hupatikana takriban kilo 60 za maji. Sukari inayobaki kwenye makapi ni nyingi. Viwanda huikomboa kwa kunyunyizia maji ya moto juu ya makapi na kuyapitisha tena kwenye roli kadhaa mfululizo. Makapi yangu nilianika, yakawa kuni za kuchemshia.

Maji ya miwa kwa asili yana uasidi, pH yake ikiwa kidogo juu ya 5, na uasidi ukikutana na joto huivunja sukrosi kwa kasi. Hivyo chokaa iliyochujwa iliingia kidogo kidogo kabla ya kuchemka, hadi karatasi ya kupimia ikaonyesha karibu 7. Chokaa ikizidi hufanya sukari iwe nyeusi. Nilitumia pia ute wa mabua ya bamia, kama wafanyavyo watengenezaji wa sukari guru katika vijiji vya India. Ute huo hukamata uchafu na kuupandisha juu pamoja na povu, nami nikaliengua povu hilo mpaka maji yakang'aa rangi ya dhahabu.

Sufuria iliyo wazi ina kikomo chake. Rojo linavyozidi kuwa zito ndivyo linavyohitaji joto kubwa zaidi ili lichemke, na joto hilo huivunja sukrosi na kuiunguza. Ufumbuzi wake ni wa zamani. Mwaka 1813 Mwingereza Edward Charles Howard alipata hataza ya kuchemshia rojo ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, ambamo huchemka kwa nyuzi 65 hadi 70 hivi. Mwaka 1843 Norbert Rillieux, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1806 na mama huru mwenye asili ya Kiafrika, alipata hataza ya mfumo ambao mvuke wa chombo kimoja huchemsha chombo kinachofuata, na viwanda vya sukari duniani bado vinafuata kanuni yake. Ni sifa kubwa kwa mtu aliyeziona kwa karibu sufuria wazi zilizokuwa zikiwaunguza watumwa wa Louisiana, na jina lake lastahili kufundishwa kwa watoto wetu wanaokulia kando ya viwanda hivi.

Kwa sukari guru niliipua rojo kwenye nyuzi 118. Fungu lililokamuliwa siku ileile liliganda likawa gumu na kukatika vizuri kwa kisu. Fungu lililochelewa lilibaki laini na la kunata hata baada ya kupoa usiku kucha, tamu kama lile la kwanza. Hakukuwa na haja ya polarimita tena.

Kwa punje niliipua mapema zaidi, karibu nyuzi 110, nikapoza taratibu kwa kufunika chombo kwa magunia, na nikatia kijiko cha sukari iliyosagwa laini ili iwe mbegu ya punje. Fungu lililokamuliwa siku ileile lilijaa chembe ndani ya siku chache. Nililimimina kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kutandikwa kitambaa, molasi, yaani rojo jeusi lisiloganda, ikachuruzika polepole, na ndani ya ndoo ikabaki sukari ya kahawia, yenye punje za kuhesabika kwa vidole. Kiwandani kazi hii hufanywa na mashine zinazozunguka kwa kasi kwa dakika chache tu, na kwa kawaida tani 10 za miwa hutoa takriban tani 1 ya sukari. Mimi sikufikia uwiano huo, wala sufuria iliyo wazi haiwezi kuufikia.

Hatua zinazofuata

Maotea yatavunwa kwa utaratibu uleule, lakini fungu la kuchelewa litagawanywa: moja juani, moja kivulini chini ya majani yaliyoloweshwa, ili ionekane ni kiasi gani cha hasara mkulima anaweza kukizuia akiwa anasubiri gari. Sehemu mpya ya shamba itapandwa mbegu iliyotumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 50 kwa saa 2, tiba inayotumika dhidi ya ugonjwa wa bakteria unaodumaza maotea bila kuonyesha dalili ya wazi kwenye majani. Pipa na kipimajoto vimeshapatikana, na mbegu itakatwa kutoka mistari ya R 570 itakapofikisha miezi 8.