Kila Ikulu ni Mlima: Kwa Baiskeli Kwenye Nyumba za Wafalme wa Uganda

Zamani katika ufalme wa Buganda, Kabaka (mfalme) mpya hakukaa katika ikulu ya aliyemtangulia. Alijichagulia kilima chake, akajenga huko, na mji mzima wa machifu, watumishi na wafanyabiashara ukamfuata. Kampala imezaliwa kwenye vilima hivyo. Anayeishi hapa na kupenda baiskeli huvijua kwa mapaja kabla hajavijua kwa vitabu: Mengo, Rubaga, Kasubi, Wamala, Buddo. Kila ikulu ni mlima.

Nawaandikia ndugu zangu wa Lushoto, Tanga na Dar mnaoona picha zangu na kuniuliza Uganda kuna nini cha kuendea kwa baiskeli. Kwenye runinga mmezoea kuwaona wenzetu wa Ulaya wakipita chini ya kuta za mawe zenye minara. Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kampala, na Jumapili zangu ni za baiskeli. Nataka mjue kwamba njia za namna hiyo ziko huku pia, vilima kwa mabonde, na juu ya kilima utakuta nyumba ya mfalme, kaburi lake, au mabaki ya ngome.

Mwingereza John Hanning Speke alipofika Buganda mwaka 1862, akitokea Tabora na Karagwe kwetu, alistaajabia barabara. Zilikuwa pana na zimenyooka, zinapanda kilima na kuteremka upande wa pili bila kukizunguka. Kila chifu alipaswa kuitunza njia inayotoka kwake hadi ikulu, ili mjumbe wa Kabaka asicheleweshwe. Barabara nyingi ndogo za leo zina tabia ileile. Kwetu, njia ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hujipinda ubavuni mwa mlima ikikupa nafasi ya kuhema. Huku unateremka moja kwa moja mpaka kwenye kinamasi cha mafunjo, unavuka, halafu unapanda tena ukuta uliosimama mbele yako. Miguu ikizoea, utaipenda. Gia ndogo ni lazima. Asije mtu na baiskeli ya mashindano yenye gia za tambarare akadhani atamaliza siku akiwa juu ya tandiko.

Kwa mgeni, ninaanzia Mengo alfajiri, kabla teksi na bodaboda hazijajaa. Lubiri, ikulu ya Mengo, iko juu ya kilima, na kutoka langoni mwake barabara ya Kabakanjagala inanyooka hadi Bulange, bunge la Buganda, kwenye kilima cha pili. Katikati yake kuna mzunguko wa Nantawetwa. Sisi wote tunazunguka. Njia ya kukata katikati ina geti, na anayepita hapo ni Kabaka peke yake. Nimewahi kusimama pale asubuhi na mapema, barabara tupu kabisa, na bado mwenye baiskeli ya ndizi alizunguka kwa heshima zote. Lubiri hiyohiyo ndiyo iliyoshambuliwa na jeshi la serikali Mei 1966. Kabaka Edward Muteesa II akatoroka, akafia London mwaka 1969, na mwili wake ukarudishwa mwaka 1971.

Kutoka Bulange unapita Rubaga penye kanisa kuu la Wakatoliki, unaiona Namirembe ya Waanglikana ng'ambo, unateremka Nakulabye, kisha unapanda Kasubi. Hapa teremka kwenye baiskeli mapema na ukae.

Kasubi ilijengwa na Muteesa I mwaka 1882 iwe ikulu yake. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo, na baada yake wakazikwa humo Mwanga II, Daudi Chwa II na huyo Muteesa II. Nyumba kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, ni ya duara, paa lake la nyasi linashuka karibu na ardhi, na ndani dari lina pete 52 za matete, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, nao hurithishana kazi hiyo. Machi 16, 2010 moto uliiteketeza. Watu walilia Kampala nzima. Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka kumi, kwa kuwa haikutakiwa tu nyumba inayofanana na ile ya kwanza. Ilitakiwa ijengwe na wenye haki ya kuijenga, kwa miiko yake. Mwaka 2023 UNESCO waliiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Dada zangu mnaoendesha, bebeni kanga. Huwezi kuingia pale na kaptura ya kubana, na viatu vinavuliwa mlangoni. Mimi kanga yangu hukaa kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, pamoja na tyubu ya akiba. Mzee mmoja mlinzi aliponiona naifunga aliniita "mama wa Tanzania" hata kabla sijafungua mdomo.

Kwa mwenye nguvu, barabara ya Hoima inaendelea hadi Nansana, na pembeni yake kuna Wamala, kaburi la Suuna II, babake Muteesa I. Ni kilima kirefu, na pale juu watalii ni wachache mno.

Nimefikiri sana kuhusu mawe na nyasi. Wales, mfalme Edward I wa Uingereza alianza kujenga Conwy na Caernarfon mwaka 1283 ili kuwashikilia watu aliowashinda. Kuta zile zipo hadi leo, na baiskeli zinapita chini yake. Huku Kapteni Frederick Lugard alijenga ngome yake kwenye kilima cha Old Kampala mwaka 1890, na leo kilima hicho ni cha Msikiti wa Taifa. Kule Hoima, Waingereza walijenga ngome ya Katasiha mwaka 1894 wakimwinda Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Kilichobaki cha kutazama ni handaki. Ngome za washindi zimezama ardhini, na nyumba za nyasi zinazooza na kuungua ndizo zilizosimama, kwa sababu kila kizazi kina watu wa kukata nyasi na kupanda juu ya paa. Ningepewa kuchagua kati ya kuta za Caernarfon na paa la Kasubi, ningechagua paa.

Kwa safari ndefu, nendeni Fort Portal. Kutoka Kampala ni kama kilomita 300 za lami kupitia Mityana na Mubende. Wanaopenda huikata kwa siku mbili, wakilala Mubende. Hapo mjini kuna kilima chenye mti mkubwa wa kale wa Nakayima, ambapo masimulizi yanasema alikaa Ndahura, mfalme wa Bachwezi, watawala wa kale wa nchi hii. Watu wanakwenda kuomba katikati ya mizizi ile mirefu, kwa hiyo ingieni kwa adabu na msipige picha za watu. Asiyetaka umbali huo apakie baiskeli kwenye basi.

Fort Portal ni mji wa ufalme wa Tooro, uliojitenga na ufalme wa Bunyoro katika karne ya 19, pale mwana wa mfalme aitwaye Kaboyo alipoasi. Baadaye Kabalega wa Bunyoro akataka kuirudisha, na mwaka 1891 Lugard akamweka Kasagama kwenye kiti cha Tooro na kumjengea mstari wa ngome. Jina la mji limetokana na moja ya ngome hizo na Mwingereza Gerald Portal aliyekuja mwaka 1893. Askari walioachwa kwenye ngome walikuwa Wasudani waliobaki na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, na wajukuu wao ndio Wanubi wa Uganda, wale wa Bombo na kwingineko, ambao Kiswahili ni sehemu ya maisha yao. Nikipita Bombo kwa baiskeli huamkiwa "shikamoo" na watoto, jambo ambalo Kampala hulisikia kwa nadra. Fundi wangu wa baiskeli naye ni wa Kasese, mji wa migodi na mpaka. Kiswahili chake kina Kongo ndani yake, na hakuna anayenyoosha rimu kama yeye.

Ikulu ya Tooro, Karuzika, ni jengo la duara juu ya kilima. Iliporwa na kuharibiwa baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, ikakarabatiwa kwa msaada wa Muammar Gaddafi wakati wa Omukama (mfalme) Oyo, aliyerithi kiti mwaka 1995 akiwa na miaka mitatu. Asubuhi isiyo na mawingu unaiona milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Kutoka hapo kuna njia mbili ninazozipenda. Ya Kasese inapita Karambi, makaburi ya wafalme wa Tooro, kisha inateremka kuelekea kwenye joto. Ya Kamwenge inapita mashamba ya chai, maziwa ya kreta na msitu wa Kibale, ambako nyani hukaa barabarani na wala hawakupishi. Kama una siku moja tu Uganda nzima, ipe njia ya Kamwenge.

Kwa karibu na Kampala kuna Buddo. Unatoka kwa barabara ya Masaka, ukishapita Kyengera unakunja kushoto, na vumbi linaanza. Juu ni Naggalabi, mahali Kabaka anapotawazwa. Falme zilifutwa mwaka 1967 na kurudishwa 1993, na Julai 31 mwaka huo Ronald Mutebi II alitawazwa hapo. Barabara ya Masaka yenyewe ina malori, basi ondoka gizani na taa mbele na nyuma.

Huko vijijini mwanamke juu ya baiskeli bado anageuziwa shingo. Wazee wa Buganda hawakupenda jambo hilo. Lakini salamu hazikosi, "weebale kuvuga, nnyabo" (asante kwa kuendesha, mama), na nikijibu kwa lafudhi yangu wanajua ninakotoka. Upande wa Masaka wenye umri mkubwa huniuliza kuhusu 1979. Wanawakumbuka wanajeshi wetu, waliowaita bakombozi, na wanakumbuka pia mji wao ulivyobomolewa kwa mizinga. Kwa wengi, Kiswahili ni lugha waliyoamrishwa nayo na watu wenye bunduki. Nasikiliza. Nikiwa darasani Jumatatu najua wazazi wa wanafunzi wangu wamebeba nini, na nafundisha kwa upole zaidi.

Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, tena Septemba hadi Novemba. Juni, Julai na Januari ni miezi mizuri. Tairi pana kidogo zitawafaa nje ya lami. Chakula hakisumbui: rolex ya chapati na mayai iko kila kona, na gonja (ndizi tamu) za kuchoma kila kituo.

Wa Bukoba mna bahati kuliko wa Tanga. Lami inakuja hadi Mutukula, na kutoka mpakani hadi Masaka ni mwendo wa siku moja kwa mtu wa kawaida. Laleni Masaka, kisha asubuhi mvuke nyanda za Lwera kabla upepo haujaamka. Mkiniandikia mapema nitawapokea Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, tupande Buddo pamoja.