Siku Moja Maishani Mwangu: Jumatano ya Ganze

Saa kumi na mbili asubuhi naondoka Kilifi mjini kwa bodaboda. Mimi ni nesi wa afya ya akili, na Jumatano ni zamu yangu ya Ganze. Begini nina dawa za kifafa, fomu na ubao wa picha.

Saa mbili, zahanati. Akina mama wamebeba watoto mgongoni, wengine wa miaka minane, maana kiti cha magurudumu hakipiti mchangani. Binti mmoja mwenye kifafa na ulemavu wa akili amekuwa akiwauma wenzake tangu aanzishiwe fenobabito. Kijijini wanasema ana shetani. Dawa hiyo huweza kumvuruga mtoto wa namna hii, na mwongozo wa afya ya akili (mhGAP) wa Shirika la Afya Duniani unashauri iepukwe. Nampigia daktari simu, tunakubaliana kuibadilisha pole pole, kwani ukiikata ghafla kifafa hurudi kwa nguvu. Namweleza mama, kisha namwomba anieleze yeye.

Saa sita, nyumbani kwa kijana wa miaka 15 mwenye mtindio wa ubongo. Haongei. Wiki tatu sasa hataki kula, na barua ya rufaa inasema ni shida ya kumeza. Naketi naye mkekani. Nampa kijiko cha maji, anameza vizuri. Akiangalia juu ni ndiyo, akifumba macho ni hapana. Koo linauma? Anafumba. Nafungua ubao. Macho yanapita sahani, yanapita mpira, yanatua kwenye picha ya mzee.

“Babu?”

Juu.

Babu yake alizikwa mwezi uliopita. Siku za matanga kijana alifungiwa chumbani, na hakuna aliyemwambia kitu.

“Sista, tulidhani haelewi.”

“Anaelewa, Mama. Ana msiba.”

Mama anamfuta mate kwa ncha ya leso, kisha anamsimulia yote: homa, hospitali, kaburi chini ya mkorosho. Kijana analia bila sauti, vidole vimeikamata leso.

Hili linaniuma sana. Mtoto mlemavu akinyamaza, ni ulemavu. Akipiga kelele, ni ulemavu. Fomu zangu hazina hata mstari wa kuandika kwamba amefiwa.

Saa tisa napita shuleni, mwalimu hayupo.

Saa kumi na mbili jioni simu inalia, ni mama wa kijana. Wamempeleka kwenye kaburi la babu kwa mkokoteni wa maji.

“Amekula?”

“Uji, vijiko vinne.”