Kifafa Changu Hakiniangushi

Wengi tunakijua kifafa cha kuanguka na kutoka povu. Changu kinaanzia tumboni, kitu kinapanda mpaka kooni, kisha nasikia harufu ya mpira unaoungua na hakuna kinachoungua. Kuanzia hapo sina habari tena. Wenzangu wa kwenye fremu yetu ya ushonaji, Manzese, ndio wanaonisimulia: nakodoa macho, nalambalamba midomo, vidole vinavutavuta kitambaa. Dakika moja au mbili, kimepita. Nikizinduka nimechoka hoi.

Wateja waliona nina dharau, mtu anaitwa haitiki. Nyumbani ikasemwa ni majini.

Aliyenisaidia ni mwenzangu aliyenirekodi kwa simu. Daktari aliitazama ile video kwa makini, akanieleza kwamba hitilafu ya umeme inaanzia sehemu moja tu ya ubongo. Ikisambaa kidogo fahamu inapotea, ingawa macho yako wazi. Na ile harufu si taarifa kwamba kifafa kinakuja, ni kifafa chenyewe kimeshaanza. Kipimo cha umeme wa ubongo kilitoka safi, nami nikafurahi, lakini akasema hicho peke yake hakifuti ugonjwa. Akanianzishia kabamazepini, akaniuliza na uzazi wa mpango natumia njia gani. Dawa hii hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi, kwa hiyo tukabadilisha njia. Dada zangu, hili mliulize, msisubiri kuambiwa.

Sasa kinakuja kwa nadra. Kazini mimi nakata na kushona, pasi anapiga mwenzangu. Jiko la mkaa siinjiki nikiwa peke yangu. Kituo cha mwendokasi nasimama nyuma, mbali na ukingo. Wenzangu wanajua la kufanya: kuniondolea mkasi taratibu, kutonishika kwa nguvu, kutonitia kijiko mdomoni, kutazama saa. Zikipita dakika 5, hospitali. Dozi siruki hata nikijisikia mzima, maana kuiacha ghafla kunaweza kukirudisha kwa nguvu zaidi.

Kigumu kuliko vyote ni usingizi. Nikikesha, kesho yake ile harufu naisikia, na fundi wa Dar asiyekesha kuelekea Idd ni nani? Ndiyo maana oda za Idd nafunga katikati ya Ramadhani. Wateja wangu wa siku zote wameshazoea, wanaleta vitambaa tangu Shaabani.