Nilivyopata matairi ya kuaminika kwa trela letu la safari

Kila nilipotaja mpango wa kubadilisha matairi ya trela, nilipewa ushauri uleule unaonikera hadi leo: tazama kashata, yaani mikato ya sehemu ya tairi inayogusa barabara, kama bado zina kina basi tairi ni zima. Kwa lori linaloshinda barabarani ushauri huo una maana, lakini trela la safari, lile la kulala na kupikia linalovutwa na gari, hukaa uani miezi mingi likipigwa na jua la Houston, na mpira huchoka kwa umri kabla kashata hazijaanza kuisha. Matairi yetu yalikuwa na kashata nzuri kabisa, pamoja na nyufa nyembamba ubavuni karibu na ringi, ambazo huzioni mpaka upige magoti na tochi mkononi.

Kabla ya kuulizia bei, nilitaka kujua matairi yanabeba nini hasa. Kibandiko kilicho upande wa kushoto wa trela, kuelekea mbele, hutaja uzito wa juu unaoruhusiwa, ila hakijui sufuria, maji na baiskeli za watoto. Nilipakia kila kitu kama tunavyosafiri, nikajaza tangi la maji, nikaenda kwenye mizani ya CAT katika kituo cha malori, ambako kwa dola kumi na kitu unapewa karatasi ya uzito. Ekseli mbili za trela zilibeba pamoja pauni 6,400, yaani wastani wa pauni 1,600 kwa kila tairi. Tairi la kiwandani, ST205/75R14 la daraja C la uwezo wa mzigo, hubeba pauni 1,760 likiwa na upepo wa psi 50 (pauni kwa inchi ya mraba). Kwa hesabu ya karatasini linatosha, lakini friji na jiko viko upande mmoja, na uzito haugawanyiki sawasawa. Niliamua kuchukua daraja D la saizi hiyohiyo, linalobeba pauni 2,040 kwa upepo wa 65, baada ya kusoma nyuma ya ringi na kuhakikisha kwamba nayo inaumudu mzigo huo.

Katika duka la kwanza muuzaji alitaka nichukue matairi ya gari dogo kwa kuwa ni ya bei nafuu. Nilimweleza kwamba kanuni za Marekani zinataka uwezo wa tairi la namna hiyo ugawanywe kwa 1.10 linapofungwa kwenye trela, na kwamba nilitaka yenye herufi ST, yaliyotengenezwa kwa ajili ya trela. Akaleta manne, karatasi za kiwandani zikiwa bado zimebandikwa, akayasimamisha ukutani. Namba kamili ya DOT, inayotambulisha tairi na tarehe yake, huandikwa ubavu mmoja tu wa tairi, na yote manne yalikuwa yameuelekeza ubavu huo ukutani. Nikapenyeza simu nyuma ya tairi la kwanza, taa ikiwaka na kamera ikiutazama mpira, nikapiga picha, nikahamia la pili, kisha la tatu na la nne, naye amesimama pembeni akinitazama. Tarakimu nne za mwisho ndizo wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mawili yalikuwa mapya kweli, na mawili yalikuwa yamelala dukani zaidi ya miaka minne. Nilipomwonyesha picha, alisema kwamba tairi ambalo halijatembea halizeeki. Nilimshukuru nikaondoka.

Duka la pili nililipigia simu kwanza, nikaomba waandike kwenye ankara kwamba matairi yote yametengenezwa ndani ya miezi sita. Walikubali bila ubishi, na nawashauri wote wanaonunua matairi ya trela wadai hivyo. Nilichukua Goodyear Endurance, ambayo herufi yake ya mwendo ni N, yaani maili 87 kwa saa. Matairi mengi ya ST ya zamani yalikuwa na kikomo cha maili 65, ilhali magharibi mwa Texas barabara ya I-10 inaruhusu 80 katika sehemu kadhaa. Mimi mwenyewe sizidishi 65 nikivuta trela. Ninachotaka ni akiba ya kuhimili joto linaloletwa na mwendo.

Niliongeza pesa kidogo nikawekewa valvu za chuma, kwa kuwa zile za kawaida za mpira kikomo chake ni upepo huohuo wa 65. Gharama yote, pamoja na kufunga, ilikuwa dola mia sita na ushee. Baada ya maili 50 hivi nilisimama nikakaza tena nati zote kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, na upepo huupima asubuhi, kabla matairi hayajapata joto la barabara.