Nilivyolinganisha haki ya makazi ya kwetu na ya Afrika Kusini

Msimamizi wangu wa uzamili hapa Nairobi alinikubalia nchi mbili na haki moja tu: makazi. Nilichagua Kenya na Afrika Kusini. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha. Kifungu cha 26 cha katiba yao ya 1996 kinakaribiana nacho, ila kinaongeza kwamba mtu hafurushwi nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Katiba yetu haina sentensi hiyo. Nusu ya tasnifu yangu ilizaliwa hapo.

Hukumu zote nilizisoma kabla ya kuwaza ndege, tena bure: za kwetu ziko kwenye tovuti ya Kenya Law, za kwao kwenye tovuti ya SAFLII. Wengi huanza na tiketi, kisha wanafika ugenini kupiga picha. Mimi nilitaka kwenda kutafuta kile ambacho hukumu haisemi, yaani baada ya jaji kuinuka, kulitokea nini?

Kwetu nilichukua kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilichobomolewa Novemba 2011. Walishinda Mahakama Kuu 2013, Mahakama ya Rufaa ikawapokonya ushindi huo 2016, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema jaji anaweza kutoa amri na kuendelea kuisimamia, kisha ikairudisha kesi Mahakama Kuu. Kwa waliokuwa wakazi nilielekezwa mtu hadi mtu. Mama mmoja aliniuliza kwanza kama natoka shirika. Nilipomwambia ni mwanafunzi tu, alicheka: "Basi keti, mwanangu. Mwanafunzi haahidi kitu."

Safari ilitokana na ruzuku ndogo ya chuo na mkopo wa chama. Viza haikunisumbua, kwani tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Johannesburg niliiona Mahakama ya Katiba, iliyojengwa kwenye eneo la gereza la zamani walikofungwa Gandhi na Mandela, mengine ya matofali yake yakiwa ya gereza hilohilo. Inasisimua, ila haikunipa hata aya moja.

Aya zilitoka Wallacedene, Cape Town, mtaa alikoishi Irene Grootboom. Kesi yake ya 2000 ya kuidai serikali makazi inasomeshwa kote duniani, lakini alifariki 2008 akiwa bado anaishi kibandani. Mwenyeji aliyenitafsiria Kixhosa alinitembeza mtaa mzima, na kila tulipoketi niliuliza swali lile lile: nani alikuja kuangalia kama serikali imetii? Mahakama ya Katiba ilikuwa imetoa tamko tu la wajibu wa serikali na kuiachia Tume ya Haki za Binadamu ufuatiliaji. Ndipo nilipoona uzito wa hukumu yetu ya 2021: kwetu jaji mwenyewe anaweza kubaki na faili.

Kwenye utetezi wa tasnifu, mtahini mmoja alinibana hapo hapo. Jaji wa Mahakama Kuu ya Milimani, hapa Nairobi, na mlundikano wa kesi alionao, atafuatilia amri moja kwa miaka mingapi? Alitaka niongeze sehemu kuhusu gharama za usimamizi huo. Niliiongeza, na ndiyo iliyonichosha kuliko sura zote.