Nilivyojinoa Kiingereza kwa habari nilizokwisha kuzijua

Ukisoma shule ya msingi ya kawaida ya serikali hapa Dar es Salaam, unafundishwa kila kitu kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Kiingereza ni kipindi kimoja tu kwenye ratiba, tena sisi tulikianza darasa la tatu. Januari ikifika unaingia kidato cha kwanza na vitabu karibu vyote vimebadilika lugha: Historia, Jiografia, Baiolojia, mpaka Hisabati. Zipo wiki za mwanzo za kozi ya kuwazoesha wanafunzi Kiingereza, nazo zinasaidia kiasi chake. Baada ya hapo mwalimu anajaza ubao, mnanakili notisi, halafu anageuka na kuwaeleza kwa Kiswahili ili msiondoke mikono mitupu. Simlaumu hata kidogo, asingefanya hivyo tungekaa tu tunamtazama. Ila matokeo yake ni kwamba somo tulilielewa, kitabu hatukukielewa, na mtihani unaletwa kwa lugha ya kitabu.

Ushauri uliokuwa ukizunguka mtaani ni mmoja: kariri maneno kumi kila siku kwenye kamusi. Binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliufuata. Alianza A kwa nguvu zote, akafika D akachoka. Hadi leo anajua maneno ya ajabu yanayoanza na A ambayo hajawahi kuyakuta popote. Mimi nilishaona mwisho wa njia ile kabla sijaianza.

Yangu ilianzia kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Mama mdogo anakaanga maandazi na chapati Tandika, na magazeti ya zamani anayanunua kwa kilo. Mzigo ukifika, kazi yangu ilikuwa kuyakata vipande, na kabla ya kuyakata nilikuwa nayasoma. Ndipo nikagundua jambo ambalo watu wazima wanalijua ila hakuna aliyewahi kuniambia: magazeti yetu yana ndugu zao. Mwananchi na The Citizen yanatoka kampuni moja. HabariLeo na Daily News ni ya kampuni moja ya serikali. Nipashe na The Guardian nayo ni ya nyumba moja. Kwa hiyo tukio lililoandikwa kwa Kiswahili huku, mara nyingi siku hiyohiyo limeandikwa kwa Kiingereza kule.

Nikaanza kuyatafuta kwa jozi. Nasoma kwanza la Kiswahili mpaka habari inaingia kichwani, naliweka pembeni, ndipo nachukua la Kiingereza. Nikikutana na neno nisilolijua, sikimbilii kamusi. Najiuliza: hapa kwenye habari tumefika wapi? Nani kafanya nini? Mara nyingi jibu ninalo tayari, na neno lile linajieleza lenyewe kwa sababu hakuna kingine ambacho lingeweza kusema.

Tarehe 5 Novemba 2023 Simba tulifungwa na Yanga mabao 5–1 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nilikuwa kidato cha tatu. Ukikaa Temeke, uwanja ulipo, huhitaji redio siku ya mechi kama ile, kelele zinakufikia mpaka uani. Jumatatu sikutaka kuona gazeti la aina yoyote. Lakini wiki chache baadaye, yalipoanza kushuka kwenye mzigo wa mama mdogo, nikajikaza nikayasoma ya Kiingereza. Nilijua kila kitu: Kibu Denis alisawazisha, kipindi cha pili kikageuka msiba. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Kiingereza kina vitenzi vingi namna ile vya kumwelezea mtu aliyepigwa. "Beat" ndicho tulichofundishwa darasani. Kumbe kuna "thrash", kuna "hammer", kuna "humiliate", na kila mwandishi anachagua cha kwake kulingana na anavyotaka uumie. Sijawahi kuvisahau, na nadhani shabiki yeyote wa Simba hatashangaa.

Siku mbili baada ya mechi ile Simba ikaachana na kocha wake, Robertinho. Hapo nikapata somo jingine. Magazeti ya Kiingereza hupenda kusema timu na kocha "part ways". Maneno mawili niliyoyajua yote, kila moja peke yake, na yakiwa pamoja hayakuwa na maana kwangu. Kama ningekuwa nasoma habari za timu ya Brazil ningepita tu. Kwa kuwa nilijua kocha keshaondoka, nikaelewa papo hapo.

Vichwa vya habari vya Kiingereza, kwa taarifa ya wanaoanza, viacheni mwisho. Vinaandika jambo la jana kama linatokea sasa hivi, na jambo la kesho vinaliweka kwa kitenzi kisichonyambuliwa, na vitenzi visaidizi vinakatwa ili nafasi itoshe. Mwanafunzi aliyetoka kufundishwa nyakati atadhani mhariri hajui Kiingereza. Soma habari kwanza, kichwa utakielewa ukirudi.

Tatizo la magazeti ya maandazi ni kwamba hayaji kwa mpangilio. Unapata Mwananchi la Jumanne na The Citizen la Ijumaa ya mwezi mwingine. Likizo zilipofika nikawa naenda Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed iliyofunguliwa mwaka 1967. Kule magazeti unayapata kwa mpangilio, na meza ya kusomea unayo. Kituko kilikuwa nauli. Wakati ule mwanafunzi alikuwa analipa shilingi 200, lakini awe na sare, kwa hiyo nilikuwa navaa sare ya shule katikati ya likizo. Makonda walinijua. "We denti, shule gani inafunguliwa Desemba?" Namwonyesha kitambulisho, ananung'unika, gari linaondoka.

Kitu kimoja nilikiona kule kwa sababu nilikuwa na magazeti mawili ya siku moja mezani. La Kiingereza halikuwa tafsiri ya la Kiswahili. Mwandishi mwingine, mpangilio mwingine, pengine hata aliyehojiwa ni mtu mwingine. Mwanzoni ilinikera, baadaye nikaona ndiyo faida yenyewe. Kama ingekuwa tafsiri ya neno kwa neno ningekuwa nalinganisha tu mistari kama mtu anayekagua risiti. Hapa nililazimika kusoma kweli, kwa sababu kuna aya nzima ambayo upande wa Kiswahili haipo.

Njia hiyohiyo niliihamishia kwenye masomo. Vitabu vyangu vya Sayansi vya darasa la sita na la saba vilikuwa vimefungwa kwenye mfuko juu ya kabati. Nikavishusha. Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, mzunguko wa damu, usanisinuru, vyote vimo, na michoro ni ileile. Ukisoma kurasa mbili za Kiswahili usiku, kesho yake sura ya Baiolojia ya Kiingereza haikutishi. Istilahi ndefu ndizo rahisi kuliko zote, maana zina mchoro na mshale. Vilivyonisumbua ni vile viunganishi vidogo vinavyogeuza sentensi nzima, "although", "unless", "whereas", na hivyo kwenye mchoro havimo.

Kwa viunganishi hivyo vidogo nilitenga kauntabuku, daftari kubwa la jalada gumu. Ukurasa wa kushoto nanakili sentensi nzima kama nilivyoikuta, pamoja na ilikotoka. Wa kulia naandika sentensi yangu kwa muundo uleule, lazima iwe ya kweli na iwe ya hapa. Kushoto kwa mfano kuna sentensi ya Jiografia kwamba udongo unamomonyoka isipokuwa umefunikwa na mimea. Kulia nikaandika kwa Kiingereza kwamba mama mdogo hakopeshi maandazi isipokuwa umelipa deni la jana. Wadaiwa wawili watatu walikuwa ni majirani zetu, nikawa naificha kauntabuku. Kamusi ya TUKI ya Kiingereza–Kiswahili nilikuwa nayo, ya kuazima, naifungua mwisho kabisa kuhakikisha kama nimekisia sawa. Neno uliloanza kulikisia mwenyewe halitoki kirahisi, hata kama ulikosea.

Njia hii ina hatari yake, na ilijitokeza kwenye diskasheni. Tulikuwa watano, tunakutana chini ya mwembe nyuma ya maabara, tunafanya pepa za miaka ya nyuma. Likaja fungu la ufahamu linalohusu malaria. Rafiki yetu mmoja, mkali sana wa Baiolojia, akajibu maswali yote haraka, na karibu nusu akakosa. Majibu yake yalikuwa ya kweli kabisa kuhusu malaria. Ila hayakuwa yamesemwa na mwandishi wa kifungu kile. Swali limeuliza kwa mujibu wa kifungu, yeye kajibu kwa mujibu wa mwalimu wa Baiolojia.

Tukaweka sheria: onyesha mstari. Mtu akitaja jibu, anaweka kidole kwenye mstari unaolibeba. Hana mstari, hana jibu. Kwa maswali yanayotaka ukisie maana ya neno, anaonyesha sentensi ya kabla au ya baada iliyomsaidia. Ubishi ulikuwa mkubwa, tulikuwa tunachelewa kurudi nyumbani, na hapo ndipo nilipoona ujuzi wa kusoma una sehemu mbili tofauti. Kuijua habari kunakusaidia kujifunza maneno. Kwenye chumba cha mtihani unatakiwa uiweke pembeni hiyo habari unayoijua, usikilize aliyeandika.

Kuna hazina moja ambayo naona wanafunzi wengi hawaitumii. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, bure kabisa. Mle ndani swali linaelezwa, kisha wanaonyesha vipande vya majibu ya watahiniwa yakiwa na mwandiko wao, jibu zuri na jibu bovu, na sababu. Tulichangishana hela tukaenda steshenari kutoa kopi ya taarifa ya Kiingereza. Sehemu ya muhtasari ndiyo iliyotufumbua macho, maana tuliona kile ambacho sisi wenyewe tulikuwa tunakiita muhtasari, yaani kuokota sentensi tatu za mwandishi na kuzibandika. Mtahini anataka maneno yako. Tangu hapo tukawa tunasoma kifungu, tunafunika karatasi, mmoja anakieleza kwa Kiswahili kama anamsimulia mtu aliyechelewa, ndipo kila mtu anaandika kwa Kiingereza bila kufunua. Kiswahili pale katikati kinavunja ule mnyororo wa maneno ya mwandishi. Shuleni kwetu kuzungumza Kiswahili kulikuwa na adhabu, kwa hiyo hili tulilifanya kimyakimya, na bado naamini tulikuwa sahihi.

Usomaji uliokuwa na uzito kuliko wote haukuwa wa shule. Bibi ana shinikizo la damu, na wakati ule alikuwa ameanzishiwa amlodipine. Baada ya muda miguu ikaanza kuvimba kwenye vifundo. Yeye akasema ni kusimama jikoni. Jioni moja akanipa boksi la dawa. "Hebu nisomee, mjukuu wangu, wameandika nini humu." Karatasi ya ndani ilikuwa imekunjwa mara nyingi, herufi kama chawa, Kiingereza kitupu. Hapo sikuwa na gazeti la Kiswahili la kunitangulia. Nikaenda polepole, kidole kwenye mstari kama chini ya mwembe. Kwenye orodha ya madhara yanayoweza kutokea nikakuta kuvimba vifundo vya miguu. Bibi aliposikia akataka kuacha dawa palepale. Nikamsomea mstari mwingine: usiache kutumia isipokuwa daktari wako amekuambia. Hiyo "unless" nilikuwa nayo kwenye kauntabuku. Kesho yake mama akampeleka kituo cha afya na karatasi mkononi, daktari akambadilishia dawa.

Mtihani wa kidato cha nne nilipata B ya Kiingereza. Historia, ambayo ni kusoma na kuandika mwanzo mwisho, ilipanda zaidi ya nilivyotegemea. Kuzungumza ni habari nyingine. Mpaka leo nikisimamishwa mbele ya watu nijieleze kwa Kiingereza natafuta maneno ambayo kwenye karatasi yanakuja yenyewe, na sijaona gazeti linaloweza kutibu hilo.

Mdogo wangu sasa yuko kidato cha kwanza. Mpira haumhusu, Simba na Yanga kwake ni kelele. Nikamwambia atafute kitu anachokijua mwenyewe, akachagua mapishi. Simu ya mama ikiwa na bando anatafuta namna ya kupika pilau kwa Kiingereza na kusoma kwa sauti, huku akimfasiria bibi hatua kwa hatua. Juzi alifika mahali mwandishi anapoagiza vitunguu vikaangwe dakika tatu, viwe laini bila kugeuka rangi, kisha utie mchele. Bibi akamkatisha. "Mwanangu, huyo soma tu Kiingereza chake, pilau usimfuate."