Chaki ya Padri

Binti yangu anajiandaa kwa kipaimara, na ametakiwa kuikariri Kanuni ya Imani, ile ndefu. Anaisema nyumba nzima: bafuni, mlangoni, mswaki ukiwa mdomoni. Akifika kwenye "Mungu kweli kwa Mungu kweli, aliyezaliwa bila kuumbwa" anaongeza kasi ili apite haraka. Simlaumu, hata watu wazima kanisani hupita hapo mbio. Jana nilipomsikia nilimkumbuka Padri na chaki yake, nikabaki nimeshika pasi hadi kola ikanuka kuungua.

Wakati wetu, katekista, yaani mwalimu wa dini, alikuwa ametunoa kwa maswali na majibu, neno kwa neno. Swali likibadilishwa kidogo tu, tumekwisha. Siku ya kupimwa akaja Padri mwenyewe, na kile kitabu hakukifungua kabisa. Alimtazama msichana wa benchi la mbele, akamuuliza, "Mwana wa Mungu alianza lini?"

"Krismasi, Padri."

Ukumbi mzima ukacheka. Padri hakucheka. Alichukua chaki, akachora mstari ubaoni, akaweka alama upande wa kulia na kuandika "Bethlehemu". Kisha akawageukia waliocheka.

"Wewe hapo. Unasemaje?"

"Kabla ya hapo, Padri. Tangu malaika alipompasha Maria habari."

Alama nyingine, kushoto kidogo. "Na kabla ya hapo?"

Mmoja akaikumbuka Injili ya Yohane sura ya 8: "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko." Mstari ukarefuka. Na kabla ya hapo? Nuhu. Adamu. Siku ya kwanza ya uumbaji. Kila aliyejibu alisogeza chaki kushoto, na kila mara swali lilirudi lile lile, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Ubao ukaisha. Padri hakusimama. Akaivuka fremu akaendelea ukutani, juu ya rangi iliyopakwa wiki ile kwa ajili ya ujio wa askofu. Katekista alifumbua mdomo, akaufumba. Nakumbuka sauti ya chaki ilivyobadilika ilipotoka kwenye ubao laini kuingia kwenye lipu: ikaanza kukwaruza, na unga ukamwagikia mkono wa kanzu yake. Mstari ulipofika dirishani, akageuka akanitazama mimi.

"Na kabla ya hapo?"

Niliangalia viatu vyangu. Aliyeniokoa ni Profesa, maana ndivyo tulivyomwita, naye alilipenda jina. Alisimama bila kuitwa. "Padri, kabla ya vitu vyote Mungu alimfanya Mwana kwanza. Halafu kwa njia yake akaumba vingine vyote."

Jibu lilitulia. Katekista mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Padri akaweka nukta mwisho kabisa wa mstari, akaibonyeza mpaka chaki ikakatika.

"Hongera," akasema. "Umekuwa Ario."

Hatukumjua Ario. Padri akaketi ukingoni mwa meza akatueleza kwa ufupi: padri wa Aleksandria, si mpumbavu wala mpagani. Alimheshimu Mungu asiye na mwanzo kiasi cha kuona haiwezekani awepo wa pili asiye na mwanzo. Kwa hiyo Mwana, kwake, alikuwa kiumbe, kiumbe bora kuliko vyote, aliyetangulia vyote, lakini hakuwapo kabla hajazaliwa. Maandiko alikuwa nayo: si Waraka kwa Wakolosai unamwita Kristo "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote"? Na mafundisho yake aliyatia pia katika mashairi, watu wakayashika. Mwaka 325 Kaisari Konstantino akawaita maaskofu Nisea, wakaja kama 300, na wakaikataa ile nukta ya dirishani. Mwana amezaliwa, wakasema, hakuumbwa, na ana umungu mmoja na Baba.

Kisha Padri akainuka, akaupitisha mkono juu ya mstari wote, kutoka Bethlehemu hadi dirishani. "Huu wote ni wakati. Na wakati nao umeumbwa. Hata mkiurefusha mtoke nao nje, mvuke uwanja, hamtaufikia umilele. Mungu hakai kwenye ncha ya mstari akisubiri vitu vianze."

Miaka mingi baadaye nilikuta kwamba mtakatifu Agostino alihangaika na jambo hilo hilo katika Maungamo yake. Watu walikuwa wakiuliza Mungu alifanya nini kabla ya kuumba mbingu na nchi, na anasimulia kwamba kuna aliyejibu kwa mzaha: alikuwa akiwaandalia jehanamu wadadisi. Agostino hakulipenda jibu hilo. Lake ni gumu zaidi: pasipo wakati hakuna "kabla". Ningelijua siku ile ningeonekana msomi. Labda pia ningeambiwa niketi.

Swali la maana aliuliza yule yule aliyechekwa. "Sasa Padri, kuzaliwa bila kuanza ndiyo kukoje?"

Padri akamwonyesha mwanga uliokuwa ukiingia dirishani. Mwanga unatoka kwenye jua, akasema, jua halitoki kwenye mwanga. Lakini hapajawahi kuwa na jua lililokaa peke yake likingoja mwanga wake. Mababa wa Kanisa waliutumia mfano huo, na Waraka kwa Waebrania unamwita Mwana mng'ao wa utukufu wa Mungu.

"Lakini jua lenyewe lilianza," akasema Profesa. Alikuwa bado amesimama.

Hapo ndipo Padri alipocheka. "Ndiyo. Mfano umeishia hapo." Hakuongeza mwingine. Akamrudia msichana. "Na wewe, jibu lako nusu yake ni kweli, kwa sababu alizaliwa Bethlehemu kweli kweli, kwa ubinadamu wake. Mtaguso wa Kalkedoni, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, unazitaja zote mbili: amezaliwa na Baba kabla ya nyakati zote, na katika siku za mwisho amezaliwa na Maria. Wewe umeisahau moja. Huyu Profesa, ile aliyoitaja ameiharibu."

Tulifaulu sote, sijui kwa vigezo gani. Katekista aliusugua ukuta kwa kitambaa chenye maji, rangi ikatoka pamoja na chaki, na askofu alipokuja wakaegesha kabati mahali pale.

Profesa bado ni rafiki yangu, na bado anashikilia kwamba Ario alionewa, kwamba Kaisari ndiye aliyeamua. Huwa namwambia asome yaliyofuata. Baada ya Nisea makaisari waligeuka zaidi ya mara moja, na Atanasi, mtetezi mkubwa wa Nisea, alifukuzwa mara 5, uhamishoni akaishi jumla ya miaka kama 17. Hii Kanuni ya Imani ndefu tunayoisali inahesabiwa kuwa ya mtaguso mwingine tena, wa Konstantinopoli, mwaka 381. Kama ni mamlaka tu, Ario angeweza kushinda.

"Angalau Ario anaeleweka," ananijibu.

Namtolea hoja ya Atanasi, ambayo mimi naiona nzito kuliko zote: kiumbe hawezi kuwaunganisha viumbe wenzake na Mungu. Kama Kristo naye ameumbwa, hata awe wa kwanza, basi bado tuko ng'ambo, yeye pamoja na sisi. Profesa anasema hoja hiyo inaeleza kwa nini tunahitaji iwe hivyo, haielezi inawezekanaje. Kuna siku naona amenibana kweli, na kuna siku naona anadai maelezo ambayo Padri mwenyewe hakujaribu kuyatoa. Mara ya mwisho tulibishana kwa simu mpaka chaji ikaniishia, nilipokuwa ndiyo kwanza nimepata la kumjibu.